Heri ya Zamani? Bei, Mizani na Rangi ya Ngozi Katika Nchi ya Rungwe



Tulipotakiwa kuandika habari za zamani kwa ajili ya kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, tulidhani kazi itakuwa nyepesi: kupanga miaka kwa mfululizo, kuwataja waliotangulia, na kushukuru. Lakini neno moja lililosemwa katika mkutano mkuu limetuharibia mpango huo, nasi hatuoni vema kulipita kimya.

Siku ile mvua ilikuwa ikinyesha, kama zilivyo siku nyingi za Tukuyu. Shauri lililokuwa mbele yetu lilikuwa malipo ya pili ya kahawa, ambayo yalikuwa yamechelewa mno. Mzee mmoja wa upande wa Masoko, aliyekwisha kupita miaka 80, akasimama kwa msaada wa fimbo yake, akasema: "Enzi ya Mzungu mizani ilikuwa mizani, na siku ya malipo ilikuwa siku ya malipo. Heri ya zamani." Wazee wenzake wakaguna kwa kukubali. Kijana mmoja, mjumbe wa chama cha msingi, akamjibu: "Tata, zamani ipi hiyo? Ile ya kuitwa 'boi' ukiwa na wajukuu?" Ukumbi mzima ukacheka. Mzee akaketi, mwenyekiti akaita ajenda iliyofuata, na habari ya malipo haikuguswa tena hata tulipotawanyika.

Tangu siku hiyo tumejiuliza mara nyingi kama kicheko kile kilikuwa cha haki. Aliyosema kijana ni kweli tupu. Lakini aliyoyalalamikia mzee nayo yalikuwa kweli, na jibu alilopewa halikuwa la lalamiko lake. Basi tumeona afadhali kurasa hizi tulizopewa tuzitumie kuitazama hiyo zamani yenyewe, tujue ilikuwa na nini, na ilikuwa ya nani.

Iko zamani ya mbali, ambayo hakuna aliye hai aliyeiona. Hiyo ndiyo zamani ya Malafyale na ya vijiji vya rika, ambapo vijana waliolingana umri walijenga pamoja, wakalima pamoja na kula pamoja. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila waliokaa kwetu katika miaka ya 1930, waliichunguza desturi hiyo kwa makini, na kitabu cha mama huyo kilichotoka mwaka 1951 kimeifanya ijulikane ulimwenguni. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walipofika mwaka 1891 waliwakuta watu wanaojitawala. Wakati huo rangi ya mgeni lilikuwa jambo la kustaajabiwa tu, halijawa cheo.

Likawa cheo upesi. Wajerumani walijenga boma lao hapa Tukuyu, wakapaita Neu Langenburg, na tangu mwaka 1898 kila nyumba katika koloni lao ikatozwa kodi. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia kutoka Nyasaland, na baba zetu wakabebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Tengatenga ni neno ambalo bibi zetu walilitamka kwa uchungu. Katika mikutano yetu hakuna anayesema "heri ya zamani" akikusudia enzi hiyo. Zamani inayolilia watu ni ile ya Mwingereza, na hasa miaka ya 1950, wakati mzee wetu wa Masoko alipokuwa mtoto akibeba kahawa ya baba yake kichwani. Hapo ndipo panapostahili kukaa kidogo.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo inayokumbukwa kwanza. Ni kweli kwamba katikati ya miaka ile kahawa ilileta fedha ambayo watu hawakuwahi kuishika: mabati yalipanda juu ya nyumba, na watoto wakapelekwa shule. Lakini fedha ile haikutoka katika wema wa Serikali ya kikoloni. Mwezi Julai 1953 baridi kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná huko Brazili, nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na mwaka 1954 bei ikapaa kila mahali. Mibuni ya Brazili ilipopona na mingine mipya ilipoanza kuzaa, bei ikateremka tena, naye Gavana alikuwa ni yule yule. Vivyo hivyo ilitokea mwezi Julai 1975, tukiwa tumekwisha kujitawala: baridi iliipiga Paraná tena, na mwaka 1977 kahawa ikawa kama dhahabu. Kati ya 1962 na 1989 ulikuwapo mkataba wa mataifa uliogawa kiasi cha kahawa ambacho kila nchi ingeuza, na mgawo huo ulisaidia bei isianguke ovyo. Mgawo ulipovunjika mwezi Julai 1989, mkulima wa Rungwe aliangukiwa na hasara pamoja na mkulima wa Kolombia. Ngozi ya mtawala haikuhusika hapo. Anayesema kwamba bei ilikuwa nzuri kwa sababu Mzungu alikuwapo angepaswa kuishukuru baridi ya Brazili.

Habari ya mizani ni tofauti, nayo ndiyo iliyotushangaza tulipoichunguza.

Kahawa ya Rungwe ililetwa na misheni, ikaenea polepole mashambani mwa watu. Wenzetu wa Kenya hawakupata nafasi hiyo. Huko Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ili zao hilo libaki la walowezi, na alipoanza kuruhusiwa katika miaka ya 1930 ilikuwa kwa sehemu chache tu, kama Kisii, Embu na Meru. Hapa Tanganyika walowezi wa Kilimanjaro nao walinung'unika kuona Wachagga wakipanda mibuni, wakisema kwamba mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa na wizi. Wachagga wakajikusanya mwaka 1925 katika chama chao cha wapandaji, naye Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake, ili waitetee kahawa yao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikazaliwa kile Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho kila mwanaushirika amesikia habari zake. Kwetu Rungwe vyama vya wakulima viliungana mwaka 1949 na kuwa Rungwe African Co-operative Union.

Soma tena jina hilo, ndugu msomaji. Neno la katikati halikuwekwa kwa pambo. Katika nchi ambayo biashara ya nje ilikuwa mikononi mwa makampuni ya Kizungu, na maduka mengi ya mjini yalikuwa ya Wahindi, mkulima mweusi alikuwa ameanzisha ghala lake, daftari lake na mizani yake. Wako waliosema waziwazi kwamba Mwafrika hawezi kutunza hesabu ya fedha isiyo yake. Karani aliyesimama kwenye mizani ya chama cha msingi, akapima kahawa ya baba wa mzee wetu, alikuwa Mnyakyusa mwenzake, mwajiriwa wa wakulima wenyewe, naye alijua kwamba akiiba ratili moja ataonekana na kijiji kizima.

Hivyo mizani ile anayoililia mzee haikuwa ya Mzungu. Ilikuwa yetu.

Haki yatutaka tuongeze jambo moja. Ofisi ya Msajili wa Vyama iliyokagua vitabu iliongozwa na Waingereza, na ukaguzi ule haukuwa wa mzaha. Wala watu wa zamani hawakuwa wapole kama tunavyowafikiria. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walifanya ghasia dhidi ya KNCU yao wenyewe, wakavunja baadhi ya maghala, kwa kuwa bei ilikuwa chini nao walilazimishwa na amri kuuza kahawa mahali pamoja tu. Manung'uniko juu ya malipo ni makongwe kama ushirika wenyewe.

Sasa tuitazame rangi. Vijana wetu huitaja kwa mdomo tu, kwa kuwa hawakuiona. Na wazee wengi hawapendi kuisimulia, kwa kuwa waliiona.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945. Mwaka 1955 Serikali ilitangaza "usawa" wa namna yake: viti vya wawakilishi vikagawanywa sawasawa kwa mataifa matatu, 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wote wa Tanganyika walikuwa kama 20,000. Katika uchaguzi wa 1958 mpiga kura alilazimishwa kumchagua mtu mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika; na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi maalumu iliyotajwa. Wakulima wetu wangapi walifikia masharti hayo! Hata hivyo TANU ilikubali kushiriki, baada ya mabishano makali Tabora mwezi Januari 1958, na kwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini tukampeleka John Mwakangale.

Katika mishahara mambo yalikuwa wazi zaidi. Tume ya Holmes iliyochunguza utumishi wa Serikali katika Afrika Mashariki ilipendekeza mwaka 1948 kwamba asiye Mzungu, akifanya kazi ile ile yenye cheo kile kile, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Desturi hiyo ilikuwapo, nao wakaihalalisha. Haikuachwa mpaka Tume ya Lidbury ya 1954 ilipoikataa, na hata hapo wageni wakaongezewa fedha kwa njia nyingine, kwa jina la posho ya kutoka mbali. Mwalimu, karani au mganga wa Kiafrika alijua siku zote kwamba thuluthi na zaidi ya jasho lake inakatwa na ngozi yake. Katika shule kulikuwa na njia tatu zisizokutana, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Mbeya ilikuwako shule ya bweni ya Serikali kwa watoto wa Kizungu, umbali wa siku moja tu kutoka kwetu, na mtoto wa Tukuyu hakuweza kuingia darasani humo hata baba yake angekuwa na shamba la kahawa kubwa namna gani. Utengano huo ulikoma mwanzoni mwa 1962.

Wengine wetu waliuonja ubaguzi ulio mkali zaidi, nje ya mipaka. Nchi yetu ina watu wengi na ardhi haitoshi, hivyo vijana walikwenda Lupa kutafuta dhahabu, wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine walichukuliwa na Wenela mpaka Johannesburg. Katika migodi ya shaba kazi za ufundi zilitengwa kwa Wazungu, hata kama Mwafrika aliyesimama kando ndiye aliyemfundisha mgeni kuzifanya. Wachimbaji waligoma mwaka 1935 na mwaka 1940, na mara zote mbili watu walipigwa risasi wakafa. Madukani Mwafrika alihudumiwa kwa kidirisha cha pembeni, na nyama alipewa imekwisha kufungwa, asiichague. Mwaka 1954 watu wa Lusaka waliyagomea mabucha kwa ajili ya aibu hiyo. Waliorudi Rungwe walileta baiskeli, cherehani na makoti. Walileta pia habari hizo, wakazisimulia jioni penye moto, na ndiyo maana Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilipoundwa mwaka 1953 watu wa huku waliogopa kwamba mpaka wa Songwe utasogezwa na sisi tumezwe humo.

Tunataka kutaja jambo moja lililotokea jirani yetu, kwa kuwa watu wengi wa mkoa huu hawalijui. Mwezi Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru wetu, mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini, aliyeondoka kwao kwa siri, alifika Mbeya. Alikuwa Nelson Mandela. Yeye na mwenzake wakaingia katika hoteli, wakawakuta watu weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza kwa amani, jambo ambalo hakuwahi kuliona katika hoteli yoyote maishani mwake. Walikuwa wakimngoja Mwakangale, mbunge wetu yule yule. Naye alikwisha kufika kuwauliza, lakini mama wa Kizungu aliyekuwa mapokezi alisahau kuwaambia. Mwafrika mmoja aliyekuwa mgeni pale akamwonya mama huyo kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu mwenye haki, kwamba hawa ni wageni wetu na watunzwe vema; naye mama akaomba radhi. Mandela aliandika baadaye, katika kitabu chake cha 1994, kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa yumo katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwamba alijiona mtu huru kwa mara ya kwanza.

Barazani pale Mbeya hapakuwa na fedha nyingi kuliko mwaka uliotangulia. Barabara ilikuwa na vumbi lile lile. Kilichokuwa kimegeuka ni namna mtu anavyosemeshwa, na mzee wetu wa Masoko akiulizwa kwa utulivu, si kwa dhihaka, hawezi kusema kwamba jambo hilo ni dogo.

Wala usawa huo haukukusudiwa uwe wa upande mmoja. Mwezi Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, wako wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu. Mwalimu Nyerere aliwakemea kwa hasira iliyokumbukwa muda mrefu, akawafananisha na Hitler na Verwoerd, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali hoja hiyo. Twakiri kwamba si kila wakati tuliishi kwa kadiri ya maneno yale. Majumba ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, wengi walioumia walikuwa Waasia, na majirani wengine walifurahi kwa sababu ambazo hazikuhusu ujamaa hata kidogo.

Twarudi katika ushirika, maana hapa ndipo lawama ya mzee inapotugusa sisi viongozi. Baada ya uhuru vyama vilienezwa kwa haraka nchi nzima, na viti vilivyoachwa na wageni vikakaliwa na watu wetu. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika, kwa kuwa malalamiko ya wanachama yalikuwa yamezidi: makarani wasio waaminifu, gharama zisizo na maelezo, makato yasiyoeleweka. Mwezi Mei 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vyote kwa amri, chetu kikiwamo, na mazao yakakabidhiwa kwa mamlaka za Serikali. Mali iliyochangwa na baba zetu, maghala, magari na akiba, ikapita mikononi mwa wengine bila mwenye mali kuulizwa. Vyama vikuu vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Kisha katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao za mkono, na watu wenye shida wakauza kahawa ikiwa ingali mtini.

Katika mambo yote hayo ya baada ya 1961 hakuna Mzungu aliyetushika mkono. Aliyemficha mkulima hesabu yake alikuwa mtu wa rangi yake, na mara nyingine wa ukoo wake. Huyo alipoulizwa alipata ngao nzuri: "Je, mnataka mkoloni arudi?" Kwa swali hilo watu wengi wamenyamazishwa. Kijana wetu pale mkutanoni, bila kukusudia mabaya, aliitumia ngao hiyo hiyo kutukinga sisi wa Bodi, nasi tukacheka pamoja na wengine kwa kuwa ilitufaa. Babu zetu walikataa kulipwa sehemu tatu kwa tano. Malipo yanayokuja yakiwa yamechelewa na yamepungua, bila mwanachama kuonyeshwa hesabu, hayawi halali kwa kuwa aliyeyapunguza ni mweusi.

Jambo jingine tuliloliona, tunalitaja kwa kupita: katika mkutano ule, miongoni mwa waliosema au kugunia "heri ya zamani" hapakuwa na mwanamke. Zamani ile kahawa ilichumwa na mama na kuanikwa na mama, ikaandikwa jina la baba. Leo akina mama wana kadi zao na wanapiga kura zao. Labda wao ndio wangefaa kuandika makala hii.

Katika mkutano uliofuata shauri la malipo ya pili liliwekwa la kwanza katika ajenda, na mhasibu akasoma hesabu ya kila kilo, makato moja moja, mpaka giza likaingia. Ilikubaliwa kwamba kila kituo cha kununulia kiwe na ubao ulioandikwa bei, makato na siku ya malipo. Msimu huu mzee wa Masoko alikuja na magunia yake mawili. Hakumngojea karani, aliinama mwenyewe akasoma mizani, kisha akaenda mbele ya ubao, akasimama hapo muda mrefu. Mwishowe akauliza kwa nini siku ya malipo imeandikwa kwa chaki. Karani akamwambia kwamba rangi ya kuandikia haijanunuliwa. Mzee akasema atapita tena wiki ijayo kuiangalia.